Tuoshe Magari Bila Kuyachubua

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanakisomo wa Vunjo. Tumeyaandika hapa ili na wengine wapate kuyasoma.)



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya kuosha magari, wengine walicheka. Mzee mmoja alituuliza, "Kwani sisi tuna magari?" Swali lake ni zuri, nasi hatutaki kulipita. Basi, simameni hapo barabarani mhesabu. Pikipiki ya bodaboda inapita. Gari la kubeba maziwa linapita. Noah ya kwenda Himo inapita, imejaa. Gari la ndizi linateremka kwenda sokoni Kiboriloni, na jingine linapanda na majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Kila chombo kati ya hivyo kinaoshwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni kijana wa hapa hapa kijijini.

Tena ukifika mwezi wa Desemba mambo yanazidi. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko wanapanda mlimani kula Krismasi na wazazi. Kila kihamba kinapata gari. Vijana wanapewa ndoo na kitambaa, wanaambiwa, "Nisafishie hiyo." Wanasafisha kwa nguvu zao zote, gari linang'aa likiwa na maji. Likikauka, na jua likalipiga ubavuni, mwenyewe anaona mikwaruzo myembamba imejaa mlango mzima kama nyuzi za buibui. Hapo ugomvi unaanza. Kijana hapati hela, na mwaka unaofuata haitwi.

Na wapo waliokopa. Pikipiki nyingi hapa zimenunuliwa kwa fedha za kikundi, za VICOBA au za mkopo wa benki. Mkopo ukiisha, mwenye pikipiki hutaka kuiuza anunue nyingine. Mnunuzi anaanza kutazama wapi? Anatazama rangi. Akiona tangi limechubuka na madigadi yana kutu, anapunguza bei hata kama injini ni nzima. Kwa hiyo ndoo ya maji na kitambaa vinaweza kukuongezea fedha, au vikakupunguzia.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kando ya redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo. Nasi tufanye hivyo hivyo. Tusome kwanza, halafu tutoke tushike ndoo.

RANGI NI NGOZI

Bodi ya gari ni bati la chuma. Juu ya bati kiwandani hupakwa rangi ya kwanza, ambayo kazi yake ni kushikamana na chuma na kuzuia kutu. Juu yake hupakwa rangi yenyewe, nyeupe au nyekundu au bluu. Magari mengi ya siku hizi huongezewa koti moja la mwisho lisilo na rangi, linalong'aa kama vanishi. Hilo koti la juu ndilo linalopigwa na jua, mvua na vumbi.

Je, koti hizi zote kwa pamoja zina unene gani? Shikeni gazeti hili. Chukueni karatasi moja, ikunjeni mara moja tu ziwe mbili. Hapo ndipo unene wa rangi yote ya gari, kwa kukisia. Na lile koti la juu linalong'aa halifiki hata unene wa karatasi moja. Sasa mtu akichukua gunia akasugua kila Jumamosi, mwaka mzima, kitabaki nini?

Chini ya rangi kuna chuma, na adui wa chuma ni kutu. Kutu haiji bila sababu. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kutu huanza. Chumvi ikiwapo, mambo huenda mbio zaidi. Halafu kutu ina tabia moja mbaya: hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo mwanzo. Inavimba, inainua rangi iliyo jirani, maji yanapata njia mpya, kutu inasonga mbele. Ndiyo maana kidonda kidogo kama punje ya mtama, ukikiacha masika yote, mwakani unakikuta kama shilingi.

Tuliona gari moja la kikundi, hatulitaji ni la nani. Lilikuwa likibeba maziwa na mbolea kwa zamu. Juu lilikuwa linapendeza, maana lilioshwa kila siku. Lakini hakuna aliyeinama kutazama chini ya milango. Tope lilikaa mle ndani na chumvi ya mbolea, likawa halikauki. Siku fundi alipogonga kwa bisibisi, bisibisi ilizama. Fedha za kuchomelea bati jipya zilikuwa zile walizokuwa wamewekea ng'ombe wa pili.

MAADUI WA HUKU KWETU

Kila mahali pana maadui wake. Watu wa pwani wanasumbuliwa na chumvi ya bahari. Sisi wa mlimani tunasumbuliwa na mengine.

La kwanza ni udongo. Udongo wetu ulitokana na mlima uliowahi kutoa moto. Ni udongo mzuri kwa migomba na kahawa, lakini ukikauka ni vumbi lenye chembe ngumu. Ukilipangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu, ni sawasawa na kupiga msasa. Tunarudia hapa kwa sababu ndilo kosa tunaloliona sana: asubuhi dereva anachukua kitambaa kikavu, anapangusa boneti, anapanda, anaondoka. Usipanguse vumbi kavu. Kama huna maji, liache.

La pili ni mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara zinakuwa tope tupu na gari halikauki. Tope linaingia chini ya madigadi na kukaa huko majuma mengi.

Kuna utomvu wa ndizi. Kila mama anaujua, maana gauni likiguswa halirudi. Kwenye rangi nyeupe ya gari huacha doa la kahawia.

Kuna dawa ya kahawa, ile ya rangi ya bluu yenye mrututu. Mrututu una shaba ndani yake. Shaba ikikutana na chuma kilicho wazi penye maji, chuma huliwa upesi. Pampu ikivuja garini, mwaga maji mengi mahali hapo siku ile ile. Mbolea za chumvichumvi vivyo hivyo. Mfuko ukipasuka, fagia kwanza, halafu osha. Ukianza na maji utaiyeyusha na kuipeleka kwenye kila kijipenyo.

Na ndege, jamani. Kinyesi cha ndege ni kikali. Kikikaa kwenye boneti yenye joto la jua kinaila ile ngozi ya juu na kuacha alama isiyotoka. Mnaegesha chini ya mparachichi kwa ajili ya kivuli, na hapo ndege wamelala, na parachichi zenyewe zinaanguka. Afadhali kibanda cha nguzo nne na mabati machache. Tena turubai si dawa. Ukilifunika gari lenye vumbi, upepo unalitikisa turubai na turubai linasugua vumbi usiku kucha.

MAJI YATOKE WAPI, NA YAENDE WAPI

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo penye ugomvi wa kweli.

Wengi wameosha gari kwenye mfongo, au wameliingiza gari mtoni pale kwenye kivuko. Ni rahisi: maji yanapita yenyewe, huchoti, huinami. Lakini mifongo yetu haikuchimbwa kwa kazi hiyo. Babu zetu waliichimba kwa jembe na mti wakayaleta maji ubavuni mwa mlima, wakaweka zamu na wazee wa mfongo. Yako majumba huko chini ambayo bado hufulia maji hayo, hunywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Ukiosha gari juu, sabuni na oili na mafuta ya breki vinamfika jirani yako aliye chini. Yeye hakuoni. Anaona povu tu.

Na maji hayaishii kwa jirani. Mito ya Njoro na Rau inanywesha mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu nayo inateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo wa mto, ndani ya meta 60 kutoka ukingo huo. Meta 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Kijana anayetaka kufungua kazi ya kuosha magari aipime hiyo kwanza, kisha aende ofisi ya kijiji akaulize.

Basi tuoshee wapi? Tuoshee nyumbani, mbali na mfongo, mahali penye majani au kokoto, ili maji yazame ardhini polepole. Usioshee mahali ambapo maji yatatiririka moja kwa moja hadi kisimani au kwenye bustani ya mboga.

Maji mazuri kuliko yote ni ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Hayana madini, kwa hiyo yakikauka hayaachi madoa meupe. Maji ya mfongo ni ya udongo. Yachote jioni, yaache usiku yatuame, asubuhi uyamimine kwa kitambaa na kuacha tope chini. Maji ya baadhi ya visima vya tambarare yana madini mengi. Nayo yanafaa, ila gari likaushwe mara moja.

Sasa tufanye hesabu, maana kisomo bila hesabu kinachechemea. Tuseme bomba la mpira linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2. Kwa dakika moja ni lita ngapi? Lita 10. Kijana akiliacha bomba wazi dakika 25, ametumia lita 250. Hizo ni ndoo kumi na mbili na nusu. Kwa njia tutakayoeleza, gari dogo linaoshwa kwa ndoo nne, yaani lita 80. Zimebaki lita ngapi? Fanyeni hesabu wenyewe, kisha mfikirie ni nani anayebeba ndoo hizo kichwani.

NAMNA YA KUOSHA

Liweke gari kivulini, asubuhi au jioni. Gusa boneti kwa kiganja. Kama kiganja hakivumilii, subiri. Sabuni ikikaukia kwenye bati la moto huacha madoa.

Ndoo moja ya kwanza ni ya kulainisha. Mwagia maji kuanzia juu ya paa, yashuke yenyewe. Usiguse kwa mkono wala kwa kitambaa. Penye tope gumu mwagia, ngoja dakika kadhaa, mwagia tena. Penye kinyesi cha ndege weka kitambaa chenye maji juu yake, kikae mpaka kilainike, kisha kiinue polepole. Mtu mwenye haraka anataka kukwangua kwa ukucha. Asikwangue.

Halafu tumia ndoo mbili kwa pamoja. Hapa msikilize vizuri, maana ndiyo siri yenyewe. Ndoo moja ina maji ya sabuni. Ndoo ya pili ina maji matupu. Chovya kitambaa kwenye sabuni, osha sehemu ndogo, sema nusu ya mlango. Kisha kitambaa hicho, kabla hakijarudi kwenye sabuni, kisuuze kwenye ndoo ya pili. Mchanga utabaki huko, utatua chini. Kikamue, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Mwenye ndoo moja anachukua mchanga mlangoni, anauweka ndani ya sabuni, kisha anauchukua tena na kuupaka kwenye boneti. Anadhani anaosha, kumbe anasugua gari kwa mchanga wake mwenyewe.

Anza juu: paa, vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ndiyo yenye tope na mchanga, iwe mwisho. Magurudumu yawe na kitambaa chao kabisa, kisichanganywe. Peleka mkono kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Wala usikandamize, uzito wa kitambaa chenye maji unatosha.

Kitambaa gani? Taulo laini zinazouzwa mjini Moshi kwa kazi hiyo ni nzuri. Kama huna, fulana ya pamba iliyochakaa inafaa, ukiisha kukata mishono na vifungo. Kisichofaa ni gunia, dodoki, nyuzi za mgomba, brashi ya kufulia, na ile waya ya kusugulia sufuria. Kitambaa kikianguka chini, usikiokote ukaendelea. Kisuuze sana, au chukua kingine.

Na sabuni? Iko sabuni iliyotengenezwa kwa magari, na chupa moja hukaa muda mrefu kwa sababu unatia kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Inatoa uchafu, ndiyo, lakini inatoa pia nta iliyokuwa ikilinda rangi. Kama hali hairuhusu, tia kijiko kimoja tu cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika ndoo, suuza upesi, na ujue kwamba nta utaipaka tena mapema. Majivu na mchanga vinang'arisha masufuria. Kwa gari visitumike hata siku moja.

Ndoo ya nne ni ya kusuuza. Mwagia tena kuanzia juu. Kisha kausha kwa taulo safi, kwa kuliweka juu na kulivuta polepole. Msiliache gari likauke lenyewe juani.

Mkiisha, inameni. Tunasema inameni! Chini ya kila mlango kuna vitobo vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, maji yanabaki ndani ya mlango na kuuoza. Chukua kijiti chembamba, kizibue. Mwagia maji ndani ya madigadi mpaka yatoke meupe. Kama una nafasi ya kuosha sehemu moja tu wakati wa masika, osha huku chini, paa liache.

SOMA KOPO KABLA YA KUNUNUA

Rangi ikiwa safi na kavu inaweza kupakwa nta. Nta ni kama mafuta ya ngozi. Inazuia maji yasikae, vumbi lisishike, jua lisikaushe rangi upesi.

Nta nyingi za magari zina nta ngumu ya majani ya aina ya mchikichi unaoota Brazil. Wengine watauliza, kwa nini tusitumie nta ya nyuki, tunayo hapa mlimani? Nta ya nyuki peke yake ni laini. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi kama 63, na boneti nyeusi juani inaweza kufika hapo au kupita. Itakuwa ya kunata na kukusanya vumbi. Ile ya Brazil huvumilia mpaka nyuzi 80 na zaidi. Nta ya nyuki uzeni, ina soko lake.

Sasa sikilizeni habari ya kijana mmoja wa bodaboda. Alikwenda dukani akaomba "dawa ya kung'arisha". Akapewa kopo. Akasugua tangi la pikipiki yake, likang'aa ajabu. Akafurahi, akawa anasugua kila Jumamosi. Baada ya miezi kadhaa rangi nyekundu ilianza kupauka, halafu pembeni mwa tangi chuma cheupe kikatokea. Kopo lile halikuwa nta. Lilikuwa dawa ya kukwangua, ambayo fundi wa rangi huitumia mara chache sana kuondoa mikwaruzo, kwa kula rangi kidogo. Kijana alikuwa anakula tangi lake. Na jina la dawa lilikuwa limeandikwa juu ya kopo kwa herufi kubwa.

Makopo haya huandikwa kwa Kiingereza. Msiogope. Mnajua herufi, na herufi ni zile zile. Tazameni neno lenye herufi tatu: W, A, X. WAX ndiyo nta. Mkiona neno COMPOUND, hiyo ni dawa ya kukwangua, rudisheni kopo. Neno POLISH ni la kuangalia vizuri, maana makopo mengine yenye jina hilo yana nta na mengine yanakwangua. Hapo muulize muuzaji, na asipojua, muulize fundi wa rangi. Andikeni maneno hayo matatu kwenye daftari kabla hamjaenda mjini.

Kupaka ni kazi ndogo. Kaa kivulini. Chukua nta kidogo kwenye kitambaa laini, paka koti jembamba sehemu moja moja. Ngoja iwe kama ukungu mweupe, kisha ifute kwa kitambaa kingine kikavu na safi. Nta nene haizidi kulinda, inazidi kazi ya kufuta. Usipake kwenye kioo cha mbele, wala kwenye tairi, wala kiti cha pikipiki, na hasa usiguse diski za breki. Breki yenye nta haishiki, na hapo hatuzungumzi tena habari za rangi.

Mara ngapi kwa mwaka? Mara mbili ni za lazima: mwezi wa Februari kabla ya masika, na Septemba au Oktoba kabla ya vuli. Mwenye uwezo apake kila miezi mitatu. Kama huna hakika, mwagia maji kidogo kwenye boneti. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgimbi, nta bado ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha.

MAMBO YA KUACHA

Wako wanaofuta gari kwa mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae. Linang'aa mpaka kona ya kwanza, kisha vumbi lote la barabara linalishika. Mafuta hayo huharibu pia mipira ya milango. Petroli ni mbaya zaidi, hufubaza rangi na inawaka moto. Kunyunyiza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu tumekuona pia. Oili hiyo inalainisha mipira ya gari na kudondoka kila mahali unapoegesha, pamoja na uani kwako penye kuku.

Mafuta ya breki yakimwagika juu ya rangi, rangi inavimba na kubanduka. Usifute kwanza. Mwaga maji mengi mara moja, kisha osha kwa sabuni. Maji ya betri nayo ni makali. Mwaga maji mengi, kisha maji yenye magadi, kisha maji tena. Linda macho na mikono yako.

Jiwe likirushwa na kuchubua rangi mpaka chuma, usisubiri fundi wa mjini. Kausha mahali hapo, sugua kutu kwa msasa laini hapo tu penye kidonda, pangusa, paka rangi ya kwanza kidogo kwa brashi ndogo, ikikauka paka rangi inayofanana. Huna rangi leo? Tia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, ile wanayoiita kuteksi. Si dawa ya kudumu, lakini inafunga mlango maji yasiingie mpaka upate rangi. Akina baba msione haya kuomba kwa binti zenu.

PIKIPIKI

Pikipiki huhitaji ndoo moja na nusu tu, lakini inataka subira. Kwanza injini ipoe kabisa. Ziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko, na usisahau kuutoa. Usimwagie maji kwa nguvu penye nyaya, swichi na kichuja hewa. Tangi lioshwe kama tulivyosema juu ya boneti. Mnyororo ukikauka, tia oili safi, maana maji yameondoa ile ya zamani. Halafu endesha polepole hatua chache huku ukibana breki zikauke, kabla hujapakia abiria na kuteremka Kilema.

MASWALI

Tuliulizwa maswali mengi, hapa tunaandika mawili.

Kijana mmoja aliuliza: "Mteja wa Desemba ana haraka, anataka dakika kumi. Nifanyeje?" Tulimjibu: mwambie kabla hujaanza, "Mzee, nikiliharakisha litachubuka, nikilichelewesha litakuwa zuri. Lipi?" Mwoneshe ndoo zako mbili na umweleze kazi ya kila moja. Wenye magari huyaonea uchungu magari yao, wengi watakaa wakangoja. Anayekataa, mmwagie maji tu, na vioo mfutie. Usiguse rangi yenye vumbi kwa ajili ya haraka ya mtu.

Mama mmoja wa kikundi cha ndizi aliuliza: "Utomvu uliokwisha kauka kwenye bodi tunautoaje?" Utomvu mbichi hutoka kwa maji ya sabuni, kwa hiyo osheni jioni ile ile mkitoka sokoni. Uliokauka wekeeni kitambaa chenye maji ya vuguvugu ya sabuni kwa robo saa, kisha mfute polepole. Ukibaki unaonata, pakeni mafuta ya kupikia kidogo kwa kitambaa laini, ngojeni, mfute, halafu osheni tena kwa sabuni na kupaka nta mahali hapo. Doa la kahawia la siku nyingi huenda lisitoke lote. Msilikwangue kwa kisu. Kwa safari zijazo tandikeni magunia ya zamani kabla ya kupakia, na mikungu iliyokatwa asubuhi iacheni ichuruzike kivulini kwanza ndipo ipande garini.

Mama huyo alituambia wanakata mikungu saa kumi na moja alfajiri na gari linafika saa kumi na mbili. Tulikubaliana wajaribu kukata jioni ya siku ya kuamkia gulio, nasi tutapita hapo mwezi ujao tuone bodi la gari lao.